Nilimwuliza Ijaza Yake

Swali lililonivunjia ndoa lilikuwa fupi: "Maalim, ijaza yako umepewa na nani?"

Ijaza ni idhini ya kufundisha ambayo mwalimu humpa mwanafunzi wake. Nililiuliza swali hilo kwa adabu, nikiwa upande wa wanawake nyuma ya pazia, katika nyumba ya kupanga hapa Kilwa Kivinje ambako bwana mmoja alikuwa akikusanya watu kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanaume walinyamaza. Wanawake waliokaa karibu nami walijivuta pembeni. Kwa swali hilo niliitwa mnafiki, nikanyimwa salamu mtaani, na mwishowe nikapewa talaka na mwanamume niliyeanza naye maisha tukiwa hatuna hata kitanda. Nasimulia haya kwa sababu najua wapo wanawake, kuanzia Somanga hadi Mchinga na Lindi mjini, ambao leo wamekaa nyuma ya pazia kama lile, wana swali kama langu, na wameaminishwa kwamba kuuliza ni kumuasi Mungu.

Jina lake silitaji. Wafuasi wake walimwita Mteule, nami nitamwita hivyo hapa.

Alikuwa mgeni kwetu. Alipofika hakudai kitu. Alisoma Kurani kwa sauti iliyowafanya wazee waache mazungumzo, aliandika makombe, yaani aya za zafarani zinazooshwa na kunywewa, kwa wagonjwa bila kutaja bei, na alikuwa na subira ya kumsikiliza mtu hadi amalize. Waliomwendea walikuwa na majeraha. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nduguye alitoka na mashua kwenda kuvua upande wa Songo Songo wakati wa kusi, bahari ikachafuka, na mpaka leo hapajaonekana mtu wala ubao. Tulimswalia swala ya ghaibu, tukasoma hitima, watu wakatawanyika. Lakini mume wangu hakuwa na kaburi la kufyekea majani. Hakuwa na mahali pa kusimama akamsomea nduguye Yasini. Usiku alikuwa akitoka nje na kukaa barazani akielekea pwani, na nikimwita alikuwa akijibu kama mtu wa mbali.

Mteule alimwambia: "Nduguyo nimemwona. Yuko kwenye kijani kitupu, amevaa nyeupe, anakusalimu." Mume wangu alilia mbele za watu. Tangu hapo alikuwa tayari kumpa yule bwana chochote alichokiomba. Simlaumu kwa machozi yale, na sitaki msomaji amwone mjinga. Mtu mwenye msiba usio na mwisho akiletewa salamu kutoka kwa maiti wake, ataushika mkono wa aliyezileta.

Kisha madai yakaanza kupanda. Kwanza alikuwa mwalimu tu. Baadaye ikasemwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, humjia usingizini. Baadaye tena ikawa Mtume amemwamuru akusanye wachache watakaosalimika kabla dunia haijafungwa, na kwamba asiyempa mkono wa kiapo swala zake zinarudi. Wafuasi wakakatazwa kuswali nyuma ya maimamu wengine. Msikiti wa Ijumaa waliouswalia babu zetu ukaitwa nyumba ya waliolala. Fedha za ufuta zilipoingia baada ya mnada wa stakabadhi ghalani, sehemu yake ilipelekwa kwenye nyumba ile kabla hatujanunua hata daftari za watoto. Mabinti waliofika darasa la saba wakaambiwa inatosha. Na mgonjwa hakupelekwa hospitali mpaka Mteule atoe ruhusa.

Ningependa nieleweke vizuri hapa. Mimi sina ugomvi na ndoto. Kwetu Waislamu ndoto njema ina heshima yake, na kumwona Mtume usingizini ni jambo lililotajwa katika hadithi sahihi. Lakini maulamaa hawakuliacha jambo hilo wazi kila mtu ajichotee. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vya pwani yetu yote, alieleza kwamba ndoto haiwezi kuthibitisha hukumu ya sheria, kwa sababu aliyelala hayuko katika hali ya kuhifadhi sawasawa anachokisikia. Dini imekamilika. Mtu akiota vizuri, amshukuru Mola wake. Lakini ndoto yake haimpi haki ya kuwaamuru watu wengine, sembuse kugusa mali zao na watoto wao.

Haya sikuyapata chuo kikuu. Niliyapata kwa baba. Baba yangu alikuwa muridi wa Shadhiliya, tarika ambayo huku kwetu kitovu chake ni Kilwa Pande, kwa Sheikh Husein bin Mahmud, na baada yake mwanawe Sheikh Nurudin Husein. Utotoni nilizoea kusikia silsila ikisomwa: fulani amechukua kwa fulani, naye amechukua kwa fulani, jina kwa jina, mpaka kwa Imamu Abulhasan Shadhili mwenyewe, na kutoka kwake kupanda hadi kwa Mtume. Khalifa hakujiita khalifa. Alipewa ijaza, na ijaza ilikuwa na jina la aliyempa. Mwenye shaka aliweza kufunga safari akaenda kumwuliza yule sheikh: huyu ni wako kweli? Baba alikuwa akituambia kwamba heshima ya sheikh imo katika kuulizika kwake. Majirani zetu wa Ansari Sunna hawakukubaliana na baba hata kidogo juu ya dhikiri na maulidi, na mabishano yao barazani yalikuwa makali, lakini nao walikuwa na desturi ile ile kwa njia yao. Wao walidai aya na hadithi. Baba alidai silsila. Hakuna upande uliosema: niamini kwa kuwa nimeota.

Kwa hiyo nilipomsikia Mteule akisema amepokea moja kwa moja, bila mwalimu, bila shahidi, bila hati, moyo wangu ulikataa. Nilikaa na kukataa huko kimya kwa muda, kwa ajili ya nyumba yangu. Kilichonifungua mdomo ni homa ya binti yetu mdogo.

Ilianza jioni kama homa zote za hapa. Kufika usiku mtoto alikuwa akitetemeka na kuweweseka, akimwita bibi yake aliyekwisha kufa. Nilimwambia mume wangu twende hospitali. Akasema lazima ruhusa ipatikane kwanza. Akatumwa kijana, akarudi na kombe ndani ya chupa na maneno kwamba tusubiri alfajiri. Nilimnywesha mtoto lile kombe, maana maneno ya Mwenyezi Mungu siwezi kuyakataa. Lakini macho yalipoanza kumgeuka sikusubiri alfajiri. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikatoka na kupanda bodaboda hadi hospitali ya wilaya ya Kinyonga. Msomaji asiyeijua Kivinje aelewe jambo moja: hospitali hiyo imo humu humu mjini kwetu. Umbali haukuwa tatizo, wala nauli. Kilichokuwa kikimzuia mtoto ni ruhusa ya mtu mmoja.

Walimpima, ikaonekana malaria kali, akachomwa sindano na kutundikiwa dripu. Mama mmoja aliyekuwa akiuguza mjukuu kitanda cha pili alinipa nusu ya uji wake. Asubuhi mtoto aliomba maji. Mume wangu alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, akamwangalia mwanawe, machozi yakamlenga, akaondoka bila kusema. Nilimsoma usoni: alikuwa amefurahi na alikuwa anaogopa furaha yake.

Niliitwa kwenye ile nyumba nitubu. Kosa langu lilikuwa kukosa yakini. Ndipo, badala ya kutubu, nikauliza swali nililolitaja mwanzo. Mteule hakukasirika. Alitabasamu, akauliza: "Na Musa alipewa ijaza na nani?" Wanaume wakapiga takbiri. Nikajibu kwamba Musa alikwenda kwa Firauni na ishara ambazo hata maadui zake waliziona kwa macho, na kwamba baada ya Mtume wetu wahyi umefungwa. Kwa hiyo anayejilinganisha na Musa ana neno kubwa la kueleza. Hapo takbiri zilikoma. Mteule akasema mwenye kuuliza ana shaka, na mwenye shaka shetani amekaa kifuani mwake, na aliyekula kiapo asilale paa moja na mtu huyo.

Karatasi ya talaka ililetwa na wanaume wawili. Iliandikwa kwenye ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule la mwanangu. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya ua, hakuingia.

Watu huniuliza kipi kilikuwa kigumu zaidi. Si talaka. Talaka ina eda, ina mwisho, na wanawake wenzako wanajua la kukwambia. Kilichoniumiza ni kutengwa. Nilitoa salamu zisijibiwe na watu waliokula pilau ya akika ya wanangu. Muuza samaki niliyemzoea aligeuza beseni lake nilipopita. Binti yangu mkubwa alirudi kutoka chuoni akilia, akaniuliza kama ni kweli kwamba swala za mama yake hazifiki. Hapo ndipo nilipotetereka. Unaweza kujua kwa akili kwamba mtu amekosea, na bado usiku ukajiuliza kama Mungu amekuacha, kwa sababu mtaa mzima unatenda kana kwamba amekuacha.

Nilirudi kwa mama. Na lazima niseme wazi: nilikuwa na mshahara. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wenzangu niliowaacha nyuma ya lile pazia hawakuwa na kipato chao. Kuuliza kwao kungewalaza njaa watoto wao siku hiyo hiyo. Anayewashangaa kwa ukimya wao hajawahi kukaa pale.

Nikiwa kwa mama, karatasi ilipenyezwa chini ya mlango. Ilikuwa fotokopi iliyofifia, na siku chache baadaye maneno yale yale yakaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ilisema imetoka Madina, kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume. Kwamba Mtume amemjia usingizini, amehuzunika kwa maasi ya umma, kwamba kiyama kimekaribia na mlango wa toba unafungwa. Atakayenakili waraka na kuupeleka mbele atapata kheri; atakayeuficha atapatwa na msiba. Watu wa Mteule walikuwa wakisema waraka huo ni ushahidi wa kiongozi wao, kwamba Madina kwenyewe kumetoka habari ya zama zake.

Niliposoma jina la Sheikh Ahmad nilikaa kitako. Nilikuwa nalijua. Nilikutana nalo nilipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika somo la utawala wa Wajerumani. Waraka wa namna hiyo, wenye jina hilo hilo na ndoto hiyo hiyo, ulifika Lindi mwaka 1908.

Fikiria Lindi ya mwaka huo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimetoka kuzimwa. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limechoma vijiji na maghala ya nafaka bara yote ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, akina Gilbert Gwassa, walifikia makadirio ya hadi 300,000. Katika nchi yenye msiba wa kiasi hicho ukaingia waraka unaosema dunia inakwisha na Mtume amehuzunika. Watu wakajaa misikitini, dhikiri zikavuma. Maofisa wa serikali wakaona maasi mengine yanakuja, wakaufuatilia waraka mji kwa mji na kuwakamata waliodaiwa kuusambaza. Kidole chao kikamwelekea Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara wa zamani wa pembe za ndovu aliyekuwa akiishi Unguja, na ambaye ukoo wake ulikuwa na mizizi Lindi. Mtaalamu wa Kijerumani, Carl Heinrich Becker, aliuchapisha waraka huo mwaka 1911, na ndiyo maana tunaweza kuulinganisha na karatasi zinazopita leo.

Wajerumani waliuogopa waraka kwa sababu za utawala wao. Mimi naushika kwa sababu nyingine. Waraka ule uliwaambia watu wa Lindi kwamba mwisho umefika. Baada yake, mwaka 1917, Wajerumani na Waingereza walipigana Mahiwa, bara ya Lindi hii hii. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, Uhuru ukapatikana mwaka 1961, na vizazi vya watu waliousoma waraka vimezaa, vimelima, vimezikwa. Waraka bado unapita na tarehe ya mwisho bado ni karibuni. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuja kuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, aliuandikia risala maalumu ya kuukanusha. Akaeleza kwamba jamaa wa huyo Sheikh Ahmad waliulizwa juu ya habari hii, nao wakasema amezuliwa uongo. Angalia alichokifanya mwanazuoni yule: hakushindana na ndoto kwa ndoto. Aliuliza.

Niliyaandika hayo kwenye kurasa mbili, nikampelekea maalim mzee aliyenisomesha msahafu utotoni. Nilimpigia hodi, nikamwamkia: "Shikamoo, maalim." Akaitika, akanikaribisha, akasoma polepole akiwa amesogeza karatasi karibu na macho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kabla hujamwuliza yeye, niulize mimi." Akamwita mjukuu wake alete kasha, akatoa ijaza yake, akanionyesha jina la mwalimu wake na la mwalimu wa mwalimu wake. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alifanya hivyo hivyo mbele ya watu. Hakumtaja Mteule wala mimi. Alisema tu kwamba anayetaka kumwongoza mtu aanze kwa kuonyesha alikotoka, na kwamba yeye mwenyewe ataanza. Jioni ile jirani mmoja alijibu salamu yangu.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinikaa moyoni kipindi chote hicho, na sipendi kulipita haraka. Kila mwaka nasimama darasani na kufundisha habari za Kinjikitile Ngwale wa Vita vya Majimaji. Upande wa mama mimi ni Mmatumbi. Kwetu habari zake husimuliwa kama za ndugu. Alikuwa mgeni aliyehamia Ngarambe. Mwaka 1904 inasimuliwa kwamba alichukuliwa na nguvu, akaingia kwenye kilindi cha maji cha mto, ndugu zake wakaamini amekufa, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Pepo Hongo alikuwa juu yake. Akatangaza maji yatakayozigeuza risasi za Mjerumani, na watu wakamiminika Ngarambe kutoka kila upande. Julai 1905 wazee wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alichapisha tamthilia juu yake mwaka 1969, na wanafunzi wangu huisoma wakibishana.

Maji hayakuzuia risasi. Hilo halifichiki na sitaki lifichwe, maana waliofukiwa kwa kuliamini ni wazee wetu. Lakini kila nikimtazama Kinjikitile na kumtazama Mteule naona watu wawili tofauti kabisa. Kinjikitile aliwakusanya watu waliokuwa wakichapwa viboko katika mashamba ya pamba ya kulazimishwa, akayafanya makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa shaka yasimame pamoja, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Mteule alikusanya wakulima wa ufuta na wajane, akawatenganisha na ndugu zao na majirani zao, na mzigo wote waliubeba wao. Nilijifunza kwa uchungu kwamba madai ya kuteuliwa hupimwa hapo pia: nani analipa?

Haya hayana dini moja. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliungua ndani ya kanisa la kundi ambalo viongozi wake walidai kutumwa na Bikira Maria kurejesha Amri Kumi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani ile ile ya Waswahili, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, walioaminishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Nilipokuwa nikiangalia taarifa za Shakahola, na zile picha za viatu vidogo, nilimkumbuka kijana aliyerudi na kombe kwenye chupa akisema tusubiri alfajiri. Waliofika Shakahola hawakuanza na kaburi. Walianza kwa kuambiwa wasimpeleke mtoto hospitali, wasimpeleke shule, wasiongee na ndugu zao.

Kwa upande wa mali nilipitia njia ya sheria, na ninaieleza kwa ajili ya wanawake wanaodhani hawana njia. Nilianza katika baraza la usuluhishi la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoelekeza, kisha nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Watu wa Mteule walisema shamba letu la ufuta limewekwa nadhiri kwa Mwenyezi Mungu na haliwezi kugawanywa. Hakimu aliwauliza hati iko wapi. Hawakuwa nayo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na hakujua kwamba ameuliza swali langu. Shamba likagawanywa. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo hata mwanamke asiye na mshahara asikubali kutoka na kanga mbili mkononi.

Baada ya ile Ijumaa ya maalim wanawake walianza kunijia. Walikuja usiku, mmoja mmoja, wakipitia uani kwa mama. Hawakuja kubishana dini. Waliniuliza mambo ya kawaida: nikimpeleka mtoto kliniki bila yeye kujua, ni dhambi? Kiapo nilichokula kwa hofu kinanifunga? Nikirudi kwa mama yangu ambaye hakula kiapo, nitakuwa nimekufuru? Nilikuwa nikiwapeleka kwa maalim, sikutaka na mimi niwe mtu wa kuwaamulia. Mmoja wao alikuwa hajaonana na mama yake mzazi tangu alipokula kiapo, na mama huyo alikuwa akiishi mtaa wa pili. Tulikwenda naye pamoja baada ya Isha.

Mteule alihama. Alisema ameamrishwa kuhama. Familia kadhaa zilimfuata, na katika nyumba ile ya kupanga sasa anakaa fundi cherehani. Mume wangu wa zamani hakumfuata. Aliondoka Kivinje peke yake, yuko upande wa Liwale, analima, na hutuma ada ya shule ya mabinti wote wawili. Idi iliyopita alikuja kuwasalimia. Alimshika yule mdogo kichwani kwa muda mrefu. Hatukurudiana na hatutarudiana, lakini alipokuwa akiaga aliniomba nimwandikie jina la nduguye aliyepotea baharini ili maalim mzee alitaje kwenye hitima, nikamwandikia.

Dada yangu uliye nyuma ya pazia, na wewe kaka uliyetoa fedha za mazao yako ya mwaka huu: mtu akikwambia ameteuliwa juu yako, mwombe akutajie jina la mwalimu wake na mahali anapopatikana, kisha nenda ukamwulize huyo mwalimu. Akikwambia kuuliza ni dhambi, ondoka. Na kama mtoto ana homa, mpeleke hospitali kwanza.